Msemaji wa Pili wa Sūnukalns

Naitwa Agrita, na nilikaa miaka tisa nikisomea shahada ya uzamivu. Usinihurumie haraka. Miaka mitano ya kwanza nilikuwa mvivu, hilo nalikubali mbele ya kadamnasi. Minne ya mwisho ndiyo niliyohangaika kwelikweli, na barua ya chuo iliponifikia mwishoni mwa Agosti, ikisema nikabidhi kazi yangu Ijumaa ya pili ya Septemba ama jina langu lifutwe, nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu. Nilihitaji watu wawili wa tarafa ya Sūnukalns waongee mbele ya kinasa sauti changu kama wanavyoongea jikoni kwao. Wawili, kwa sababu mdomo wa mtu mmoja si lugha, huenda ni kilema chake tu. Sikuwa na hata mmoja.

Msimamizi wangu, Profesa Tālivaldis, ni mtu anayeishi miaka elfu sita iliyopita na kuja Riga kula chakula cha mchana tu. Kazi yake ni kumtafuta bibi. Kilatvia chetu, Kilithuania cha majirani, Kigiriki, Kisanskriti cha Wahindi, zote hizo ni wajukuu wa lugha moja iliyokufa bila kuacha hata karatasi, na watu kama Profesa wanakisia sura yake kwa kulinganisha pua za wajukuu. Ng'ombe wetu, moto wetu, asali yetu, mbwa mwitu wetu, majina ya vitu hivi tumeyarithi kwake. Neno likishakisiwa huwekewa nyota mbele, kukiri kwamba hakuna aliyelisikia kwa masikio yake. Profesa ameizoea nyota hiyo kupita kiasi. Niliwahi kuiona kwenye orodha yake ya dukani, mbele ya neno maziwa, nikamwuliza. Akanijibu kwamba hajayaona bado hayo maziwa, anakisia tu kwamba yatakuwepo.

Sasa, lugha yetu ina sauti tatu za kutamkia silabi ndefu. Tuna neno ambalo kwa sikio la mgeni ni lilelile moja. Ukilinyoosha, ni kitunguu cha majani. Ukilikata kidogo kooni, ni dirisha. Ukilidondosha, ni upinde. Sisi wa Riga tumeshavuruga mbili za mwisho, dirisha na upinde kwetu ni mamoja, na bado tunafungua madirisha bila ajali. Lakini Sūnukalns, kule karibu na Valmiera, wazee walizitenga zote tatu, tena hata mkiani mwa neno. Profesa aliamini ule mkato wa kooni ni mabaki ya konsonanti iliyokufa zamani mno. Aliniambia kwamba nikiusikia mkiani mwa neno, nitakuwa nimemsikia yule bibi akikohoa. Aliyasema hayo huku machozi yakimlengalenga, na mimi nikalengwa vilevile, maana nilikuwa na miaka ishirini na minane na sikuwa naijua dunia.

Walikuwa wamebaki wasemaji wawili. Wa kwanza, Bwana Fricis, alifariki mwezi wa Aprili, wiki moja kabla ya miadi yetu. Mjane wake alinipigia simu kuniomba radhi kwa usumbufu.

Wa pili alikuwa Bibi Regīna wa shamba la Ceplīši, miaka tisini na mitatu, meno yake mwenyewe, ng'ombe mmoja na kuku wasiohesabika. Siku ya kwanza nilipofika kwake alinitazama toka utosini hadi kwenye viatu, akaniuliza kama mimi si mjukuu wa Emīlija wa bondeni. Nilikuwa ndiye. Bibi yangu Emīlija alinilea mpaka nilipotimiza miaka saba, ndipo mama akanichukua kwenda Riga kusoma. Nilimjibu Bibi Regīna kwa Kilatvia changu safi kabisa, chenye adabu zote, kwamba naam, na kwamba ni heshima kubwa kwangu kupokelewa nyumbani kwake. Akanyoosha kilemba chake. Akakaa wima. Na kuanzia dakika ile aliongea nami kama taarifa ya habari.

Sitanii. Sauti ya kunyooka, viambishi vyote mahali pake, mkiani hamna kikohozi cha bibi wala mafua yake. Alinisimulia vita, alinisimulia njaa, alinisimulia jinsi alivyojifungua mwanawe ndani ya gari la nyasi, yote kwa lugha ya redio. Mara kumi na moja nilikwenda kwake katika miaka minne. Mara ya sita nilikiacha kinasa sauti mezani, kwa ruhusa yake, nikatoka kwenda kutembea msituni ili awe huru. Niliporudi na kusikiliza, nikamkuta anakitakia kile chombo mchana mwema, akakisomea utabiri wa hali ya hewa wa siku ile, kisha akanyamaza kwa saa nzima ili asikisumbue.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ile lugha ilikuwepo. Nikiwa nimesimama nje ya mlango wa jikoni niliisikia akimkaripia mkwewe Valija kuhusu chumvi, sauti zote tatu zikiruka kama chura, na moyo wangu ukiruka nazo. Nikigusa kitasa tu, kimya. Nikiingia, redio. Ningeweza kujificha na kurekodi, lakini kuiba sauti ya mtu ni dhambi katika kazi yetu, na isitoshe Bibi Regīna angeninusa.

Basi nilikuwa na siku sita kabla ya Ijumaa, na kalenda ikanionea huruma. Kwetu kila siku ya mwaka ina majina yake, na siku ya jina lako ikifika hakuna anayealikwa, watu wanakuja wenyewe. Mwenye jina kazi yake ni kuoka na kujifanya ameshtuka. Siku ya kina Regīna ilikuwa Jumamosi ile. Nikawaza kwamba wazee wa tarafa watajaa, mmoja wao lazima awe na sauti tatu, na Bibi Regīna mbele ya watu wake atajisahau. Nikaenda Ceplīši kwa basi la asubuhi.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba maua ya asta. Niliyahesabu mara tatu yawe saba, kwa kuwa maua ya idadi shufwa ni ya makaburini, na bibi wa miaka tisini na mitatu humpelekei mzaha wa namna hiyo. Nyumba ilikuwa imefurika. Kulikuwa na kahawa, bia iliyopikwa nyumbani, vimikate vya moto vyenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na katikati ya meza mkate mkubwa wa zafarani na zabibu uliosokotwa kama fundo. Nikamwomba Bibi Regīna ruhusa ya kurekodi sherehe. Akasema, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba sina haja ya kuomba na kwamba nikipenda nirekodi hata kuku. Valija, ambaye ni mama wa miaka sitini na mitano mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, alikichukua kinasa sauti, akakiwasha, akakiweka juu ya kabati la vyombo na kusema kwamba leo asinione nikikigusa, kazi yangu ni kula.

Nikala. Nikatega masikio. Mzee mmoja alitoka Cēsis, wawili walikuwa wameng'olewa meno yote na sauti nazo, na Bwana Arvīds, jirani, alikuwa mtu wa Kurzeme, upande wa pili wa nchi, aliyeoa Sūnukalns miaka hamsini iliyopita na bado wanamwita mgeni. Hakuna hata mmoja wa kunifaa. Na Bibi Regīna, kila aliponigeukia, alinikaribisha mkate kama anayefungua kikao cha bunge. Miaka tisa, nikawaza, nami nitarudi Riga na vipande vya mkate kwenye karatasi.

Hapo ndipo Valija alipogonga meza kwa kijiko, na nikajua kinachokuja, na nikatamani kuingia chini ya meza.

Kwetu watu hutukanana kwa kuimba. Kwenye harusi, kwenye sikukuu, popote penye bia na watu zaidi ya kumi. Mtu anatunga mistari minne papo hapo kumchamba mwenzake, wengine wanairudia, na walioko nyuma wanavuta sauti moja ndefu isiyokatika. Aliyechambwa haruhusiwi kununa. Anaruhusiwa kitu kimoja tu, kujibu, na asiyejibu ameliwa, ataosha vyombo vya watu wote. Valija alinielekezea kijiko.

Mgeni kaja na waya,
mfukoni hana keki;
amekaa kama paka
anayengoja samaki.

Nyumba nzima ikarudia, ikacheka. Nami nikacheka kidogo kwa adabu, kama mtu wa mjini. Watu wakaningoja. Mimi siimbi, kwenye kwaya ya shule niliwekwa mstari wa nyuma nikaambiwa nifumbue mdomo tu. Na katika kazi yetu sheria ya kwanza ni usimchokoze msemaji, kaa pembeni, uwe kama kiti. Nilimtazama Bibi Regīna. Alikuwa ananitazama kwa upole, ule upole wake wa redio, tayari kuniokoa. Akafungua mdomo kusema kwamba mgeni wetu huenda amechoka kwa safari.

Upole ule ndio ulionipandisha mori. Nilikuwa nimekuwa kiti kwa miaka minne. Liwalo na liwe, nikasema moyoni, nikasimama, na kwa sauti ya bata nikamwimbia si Valija bali yeye mwenyewe:

Nimefika kwa Regīna,
nikimtafuta bibi;
kumbe ni redio mbovu
imevalishwa gauni.

Hata wavuta sauti wa nyuma waliishiwa pumzi. Bwana Arvīds aliweka kikombe chini taratibu. Kumchamba mwenye jina siku ya jina lake si kosa, lakini mtu wa Riga, tena kwa bibi wa tisini na mitatu, nilijua nimevuka mto bila kujua kina. Kisha Bibi Regīna akakivua kilemba chake, akakikunja, akakiweka mezani. Valija akaninong'oneza, "Ole wako, mama." Na bibi akaanza.

Myaka tisa darasani,
hajafuzu, hana mume;
kuku wangu wiki tatu
ametoa vifaranga.

Na zilikuwemo. Zote tatu, kwenye kila neno, hadi mkiani, kikohozi cha yule bibi wa miaka elfu sita kikitoka kwa neno vifaranga kama risasi. Ningepaswa kufurahi. Ningepaswa kukaa kitako, nimwachie Profesa alie kwa furaha nitakapompelekea. Lakini nyumba ilikuwa imelipuka kwa vicheko, Bwana Arvīds alikuwa anapiga magoti yake, watu arobaini walikuwa wanarudia hana mume, hana mume kwa sauti mbili zenye mapatano mazuri kabisa, na mimi, niwe mkweli, nilikisahau chuo chote. Nilichotaka duniani ni kumjibu ajuza yule.

Kuku yule alitaga
kwa hofu ya domo lako;
jogoo alishahama,
anaishi kwa jirani.

Kumbe jogoo wa Ceplīši alikuwa amehamia kweli kwa Bwana Arvīds tangu Juni, jambo ambalo mimi sikulijua, na tarafa nzima ilikuwa ikilijadili. Mwanamke mmoja alianguka kutoka kwenye kiti kwa kicheko. Bwana Arvīds akawa mwekundu mpaka masikioni. Bibi Regīna akaninyooshea kidole, akimeza kicheko, akaja na mistari kuhusu miguu yangu. Nikaja na mistari kuhusu supu yake. Akaugusa ukoo wangu, kwamba sisi wa bondeni hatujui kufunga lango na ndiyo maana mbuzi wetu wote wana baba asiyejulikana. Hilo la mbuzi lilimhusu bibi yangu Emīlija, nikawaka, nikamjibu mara tatu mfululizo bila kuvuta pumzi, sijui hata nilisema nini, najua tu kwamba wavuta sauti wa nyuma walivunjika mbavu wakashindwa kuvuta. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Mwishowe Bibi Regīna alishika tumbo, akapunga mkono, akasema hawezi tena, atakufa, na leo si siku ya idadi shufwa. Vyombo tuliviosha wote wawili, kwa uamuzi wa kikao.

Niliondoka na basi la jioni, kinasa sauti kifuani, nikicheka peke yangu hadi dereva akaniangalia kwenye kioo. Nilikuwa na mmoja. Nilimpata. Nilipofika karibu na Riga ndipo kicheko kilipokauka, nikakumbuka kwamba mmoja si wawili.

Alhamisi nilikaa ofisini kwa Profesa, katikati ya marundo ya vitabu, nikamtazama akivaa visikilizio. Alianza kucheka kwenye kuku. Alipofika mkiani mwa vifaranga alifumba macho, na chozi likamtoka waziwazi. Akasema bibi huyu ni hazina ya dunia. Nikamwambia ndiyo, lakini ni mmoja tu, na kesho ni Ijumaa, na nimekuja kumshukuru kwa miaka yote na kumuaga. Nilikuwa nimejikaza kisabuni tangu asubuhi. Hakunisikia. Alikuwa anarudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha.

"Na huyu mwingine ni nani?" akaniuliza.

"Mwingine yupi?"

"Huyu mkali. Huyu wa jogoo." Alikuwa amebana visikilizio kwa mikono miwili. "Msikie hapa kwenye mbuzi. Ana mikia safi kuliko bibi mwenyewe. Agrita, mbona hujaniambia umempata na huyu? Ana miaka mingapi, themanini?"

"Thelathini na saba," nikasema.

"Haiwezekani. Hakuna aliye chini ya themanini mwenye mikia hiyo. Anaitwa nani?"

Nilihisi damu inapanda usoni, halafu inashuka, halafu haijui iende wapi. Ni kweli kwamba nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa nimeenda shule miaka tisa kusomea kundu. Nikamwambia kwamba ni mimi.

Profesa alivua visikilizio. Akaniagiza niseme dirisha. Nikasema. Akatikisa kichwa, hiyo ni ya Riga. Nikajaribu tena, nikakaza koo, nikatoa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Akaniagiza niseme upinde, ikatoka dirisha. Tukatazamana. Kisha, kwa utulivu mkubwa, mtu yule ambaye hajawahi kuinua sauti kwa kiumbe chochote alisema, "Sura yako ya tatu ni takataka."

"Takataka?" nikasema.

"Takataka tupu. Na tanbihi zako zingeandikwa na kuku yule, zingekuwa na mpangilio zaidi."

Sikumbuki nilichojibu. Nakumbuka nilisimama, nilitaja umri wake, nilitaja nyota zake na orodha yake ya dukani, na nilifika mbali sana kabla sijaona kwamba anaandika harakaharaka, mstari juu ya mstari, huku akicheka na kulia kwa mpigo mmoja. "Endelea," akasema. "Umesema upinde mara mbili. Nitukane tena pole pole."

Sheria inakataza mtafiti kuwa shahidi wake mwenyewe. Ijumaa asubuhi kamati ilikaa saa nzima juu ya jambo hilo, na mimi nje nikila kucha. Profesa aliwaeleza kwamba kinasa sauti kiliwashwa na mtu mwingine, kwamba watu arobaini walishuhudia, na kwamba mwanamke anayesikika pale hakuwa akifanya utafiti wowote, alikuwa akigombana. Wakaomba kusikiliza ili wajiridhishe. Nilisikia vicheko kupitia ukuta, nikajua wamefika kwa jogoo. Kazi yangu ilipokelewa. Katika ukurasa wa wasemaji pameandikwa mpaka leo: Msemaji wa Kwanza, mwanamke, miaka tisini na mitatu. Msemaji wa Pili, mwanamke, miaka thelathini na saba, husema hivyo akikasirika tu.

Nikampigia simu Bibi Regīna. Nilitaka awe mtu wa kwanza kujua. Akapokea, na mdomo wangu, usio na haya, ukafunguka wenyewe ukatoa redio: habari za mchana, Bibi Regīna, natumaini sikusumbui. Upande wa pili ikarudi redio vilevile, wala hasumbuliwi hata kidogo, anashukuru kwa kumkumbuka. Tulikuwa tumekula pamoja, tumechambana pamoja, tumeosha vyombo pamoja, na tazama tulivyosimama tena, kila mmoja na gauni lake la sherehe.

Nilifumba macho. Shuleni Riga mwalimu alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa niseme dirisha, na watoto wenzangu wakicheka, hadi siku nilipolisema kama wao, akanipa peremende. Niliipenda ile peremende. Sasa nilimtafuta kumbukumbuni bibi Emīlija akinifokea kuhusu lango, nikamshika hapohapo alipo, nikasema bila hasira, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka saba, "Bibi, ni mimi, Agrita wa kwa Emīlija. Nimefuzu."

Nikasikia kuku wake kwa mbali.

"Ee Mungu wangu," akasema Bibi Regīna, na ilikuwa lugha ya jikoni, na mikia yote mahali pake. "Kumbe unajua hata bila kutukanwa?"

"Sikujua kama najua, bibi."

"Siku ile ya kwanza umeingia hapa na maneno yako ya Riga, nikasema masikini mtoto wa Emīlija, wamemharibu, lugha ya kwetu haielewi tena. Nikamwambia Valija, tusimwaibishe mtoto wa watu, mgeni anajibiwa ile anayoielewa." Alivuta pumzi. "Miaka minne, mjukuu wangu. Kila ukiondoka taya zinaniuma siku mbili."

Nilikaa sakafuni pale ukumbini, simu sikioni, watu wa kamati wakinipita na kuniruka miguu. Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikacheka, na yeye akiningoja upande wa pili bila haraka. Kisha akasema Jumamosi wanachimba viazi, niende, niache ile mashine nyumbani, na nisije na maneno ya redio tena kwake kwa kuwa amezeeka na taya hizo anazihitaji kwa kula.

Nilikwenda. Tulichimba magunia thelathini na mawili, na hakunyamaza hata kidogo.